Kuficha Kosa la Barabarani katika Maombi ya Viza

Twaulizwa mara kwa mara masuala haya: Mtu alishitakiwa kortini kwa kuendesha gari ovyo, akatozwa faini, akalipa, na miaka ikapita. Sasa ataka kwenda Uingereza kusoma au kuwazuru jamaa zake. Fomu ya viza yamwuliza: je, umepata kuadhibiwa kwa kosa la kuendesha gari, huko Uingereza au katika nchi nyingine? Rafiki zake wamwambia, "Andika hapana. Nani atakayekwenda kufukua madaftari ya korti ya Mombasa?" Je, yafaa kulifuata shauri hilo?

Wenye kushauri hivyo wana hoja tatu, na yatupasa kuzipima moja moja bila ya kuzidharau.

Ya kwanza, kuwa kosa ni dogo. Twasema: ikiwa ni dogo, mbona laogopwa kutajwa? Hatusemi makosa yote ni sawa. Kuendesha gari kwa ulevi, kwa mfano, Kanada yalihesabu kuwa kosa kubwa tangu Desemba 2018. Lakini faini moja ya zamani mara nyingi haimnyimi mtu viza, na uwongo wamnyima. Kanuni za Uingereza zaweza kumfungia mlango aliyedanganya kwa miaka 10. Za Kanada kwa miaka 5. Na sheria ya Marekani yamzuia maisha yake yote, ila apewe ruhusa maalumu. Huyu basi amekimbia manyunyu akajitupa baharini.

Ya pili, kuwa amekwisha kulipa. Kweli, deni la faini limekwisha, na si haki kumsimanga mtu kwa kosa alilolilipia. Lakini fomu haimwulizi kama adaiwa. Yamwuliza kama aliadhibiwa. Kulipa hakulifanyi lililotokea kuwa halikutokea. Fomu ya Marekani yasema waziwazi kuwa hata aliyesamehewa hukumu yake ataje.

Ya tatu ndiyo nzito, nayo yatoka katika mafunzo ya dini yetu: kwamba aibu husitiriwa, wala mtu hajitangazii maovu yake. Hili ni kweli, na twalishika. Lakini sitara ni kunyamaza pale ambapo hakuna mwenye haki ya kuuliza. Hukumu iliyosomwa na hakimu mbele ya watu haikuwa siri tangu siku ile. Na mwenye kubisha hodi katika nyumba ya watu amekubali kwa hiari yake kujibu maswali ya mwenye nyumba. Akiacha kuomba, hana lawama. Akiomba, kisha akatia sahihi kuwa aliyoyaandika ni kweli hali ayajua kuwa si kweli, huo ni ushahidi wa uwongo, ijapokuwa ameuvisha kanzu ya sitara.

Wala hatumwambii aungame yasiyoulizwa. Na alisome swali vizuri, ajibu kadiri yake: kosa, mwaka, korti, adhabu. Asiyekumbuka tarehe na aitafute katika karatasi za korti. Akiikosa, aandike anavyokumbuka na aseme hivyo, kwani kusahau si kudanganya. Wala asimwachie wakala kumjazia fomu asiyoisoma, maana jina lililo chini ni lake.

Huenda mkweli akanyimwa viza na ada yake ikapotea, na mwenzake aliyeandika "hapana" akapanda ndege. Hatumfichi mtu hilo. Lakini aliyepita kwa uwongo hupita nao. Akiomba kuongezewa muda, au akiomba uraia, ataulizwa tena, naye atahitaji uwongo wa pili kuulinda wa kwanza. Mkweli aliyenyimwa leo aweza kuomba tena mwakani kwa maneno yale yale, asiogope daftari lolote kufunuliwa.

Basi, ndugu msomaji, kalamu yako ikikwama juu ya swali hilo, usijiulize, "Watajua?" Jiulize, "Ni kweli?" Kisha andika.