Mguu Wangu Haukuwa Bei

"Mjomba, ukichukua mguu mbovu unaongezewa pointi."

Mpwa wangu alisema hivyo akiwa ameinamia karatasi, penseli mkononi. Ana miaka kumi na saba, na hakunikusudia mimi. Alikuwa akinisaidia kuunda mhusika wangu wa kwanza katika mchezo wa kuigiza wa mezani, jikoni kwa mama yake, hapa Columbus, Ohio. Kisha macho yake yakaangukia chuma changu cha mguuni kilichonyooka chini ya meza, akanyamaza. Nikamwambia aandike tu. Sikutaka aone haya kwa kusoma kanuni iliyochapishwa. Lakini nililala na maneno yale, na asubuhi nikaamka nayo.

Polio ilinipata Tanga mwaka 1977, nikiwa na miaka mitatu. Kirusi kile huwaingia watoto wengi kikapita bila kuacha alama; katika maambukizi 200 hivi, ni moja tu linalopoozesha. Moja hilo lilikuwa langu. Mguu wa kushoto ukasinyaa. Nilipoanza kuongoza darasani kwa hesabu, wageni wa nyumbani walimwambia bibi: "Mungu si Athumani. Kamnyima mguu, kampa kichwa." Bibi aliitikia kwa heshima. Wakishaondoka, alinichua mguu kwa mafuta ya nazi, taratibu, toka pajani hadi vidoleni, bila kusema neno.

Kitabu kilichokuwa pale mezani ni GURPS Wild Cards cha mwaka 1989, kilichoandikwa na John J. Miller. Kinazigeuza kuwa mchezo hadithi za Wild Cards, mfululizo wa mashujaa wenye nguvu za ajabu unaohaririwa na George R. R. Martin. Na hadithi zenyewe zilizaliwa na mchezo. Mwaka 1983, mjini Albuquerque, Victor Milán alimpa Martin mchezo wa Superworld kuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa, na kundi la waandishi wa huko likacheza usiku baada ya usiku, hata wakaona dunia kama ile inastahili vitabu. Cha kwanza kilitoka 1987. Kwa hiyo Miller alikuwa akiirudisha mezani hadithi iliyotoka mezani.

Ila njiani ilikuwa imebeba mzigo. Katika riwaya hizo, tarehe 15 Septemba 1946, kirusi kutoka sayari nyingine kinamwagwa juu ya New York. Katika kila mia kinaowageuza, tisini hufa; husemwa wamechota Malkia Mweusi. Tisa huharibika maumbile, nao huitwa jokari. Mmoja tu hupata uwezo na kubaki na umbo lake; huyo ndiye Ace. Haulizwi mtu kama alikuwa mwema. Jokari wana mtaa wao Manhattan, na kanisa lao, na padri wao, Father Squid, ana minyiri kama ya pweza usoni.

Hadithi ya namna hii haigeuki mchezo kirahisi. Ukiifuata kura ile kwa uaminifu, wachezaji tisa kati ya kumi wamekufa kabla chai haijapoa. Lazima mchezo uweke hiari pale ambapo hadithi iliweka ajali. GURPS, mfumo wa kanuni wa kitabu kile, inafanya hivyo kwa pointi: uwezo unaununua, kilema kinakulipa.

Mimi ni mhasibu. Najua raha ya vitabu vinavyolingana, kila kilichotoka upande huu kikaonekana upande ule. Na usiku ule niliitambua kanuni ya mpwa wangu: ilikuwa imani ya wageni wa bibi, imepigwa chapa na kupewa namba.

Siwalaumu wageni wale. Nadhani walikuwa wakimtetea Mungu. Waliona mtoto asiye na kosa, wakaogopa swali linalofuata, wakaharakisha kufunga hesabu. Lakini mtaani kwetu kulikuwa na kijana mwingine ambaye polio ilimchukua miguu yote miwili, na hakuwa wa kwanza kwa lolote. Alitambaa, alicheka, alisoma kwa taabu kama watoto wengi. Kwa hesabu ile, ama Mungu alimdhulumu, ama yeye alikuwa na kipaji akakizembea. Sikubali hata moja. Imani inayonifariji mimi kwa kumhukumu yeye si imani, ni mizani mbovu.

Wahenga walikuwa na neno bora: kabla hujafa hujaumbika. Methali hii haisemi kilema kilikuja kulipia nini. Inamgeukia mwenye mwili mzima na kumkumbusha kwamba fundi hajamaliza kazi. Roger Zelazny aliuandikia mfululizo ule mtu wa jinsi hiyo, Croyd Crenson, ambaye kila alalapo huamka na mwili mwingine: leo Ace, kesho jokari. Huyo hawezi kumcheka yeyote.

Mwaka 2008 Miller huyohuyo aliigeuza hadithi mara ya pili, kwa kanuni za Mutants & Masterminds. Humo yamo matatizo yasiyolipwa mwanzoni. Yakikukwaza kweli katikati ya mchezo, ndipo mwongozaji anakupa pointi ya shujaa, ya kukusaidia kwa lililo mbele. Bado ni malipo. Lakini hayaji mpaka mtu mwingine akuone umekwama. Hapo nikakumbuka Sura ya Abasa niliyofundishwa chuoni. Ibn Umm Maktum, kipofu, alimjia Mtume (s.a.w.) akitaka elimu, wakati Mtume akizungumza na wakubwa wa Makka. Uso ukakunjwa, ukageuzwa, na aya zikateremka kwa sababu ya uso ule. Hazikueleza kwa nini yule alikuwa kipofu. Hazikumtajia fungu lililolingana na macho. Baadaye aliadhini Madina, akiwa kipofu vilevile.

Ndivyo ninavyoamini sasa. Mguu wangu haukuwa bei ya kichwa changu. Hizo ni karama moja na msiba mmoja, na sijui daftari linaloziunganisha. Alichodaiwa aliyekuwa karibu nami ni kutogeuza uso, na bibi alikilipa kila jioni, kwa mafuta ya nazi.

Jumamosi iliyofuata nilimwomba mpwa wangu afute pointi zile. Mguu ukabaki, pembeni yake sifuri. Usiku ule wahusika wetu walinaswa ghorofani, jengo linawaka. Mhusika wake anaruka angani kama mwewe. Dirisha lilikuwa wazi. Aliitazama karatasi yangu, akaziacha dadu zilipo.

"Nashuka kwa ngazi," alisema. "Pamoja na mjomba."