Jumatano: Mizani ya Jikoni

Soma Mithali 11:1. Kwa kawaida tunalisoma fungu hili tukimfikiria mwenye duka na mawe yake ya mizani. Nilipoanza kuandika chakula changu daftarini ili nipunguze uzito, niligundua kwamba mdanganyifu ni mimi. Ugali niliuandika, mafuta ya kukaangia mboga niliyaacha, na kijiko kikubwa kimoja tu kina kalori zipatazo 120. Nilitembea dakika 20, nikaandika 30. (Chakula cha pamoja kanisani siku ya Sabato hakikuingia kabisa!) Uzito haukupungua, nami nikaulaumu mwili alioniumbia Mungu. Sasa mafuta nayapima kwa kijiko, na kabla ya kutoka kutembea natazama saa.

Jadilini: Kwa nini tunadanganya hata katika daftari ambalo hakuna mwingine atakayelisoma?