Samaki wa Kutazama

Jumanne moja asubuhi, kikombe cha chai mkononi, niliona punje nyeupe kwenye pezi la samaki wangu wa buluu. Zilikuwa saba hivi, kama chumvi iliyomwagika mezani. Nikamwita mwenzangu tunayeishi naye aje aone. Akainama, akakodoa macho, akasema, "Si hiyo ni chumvi tu? Na maji si ni ya chumvi?" Nikacheka, nikaenda job.

Nimekifikiria kile kicheko mara nyingi tangu siku hiyo.

Ninaishi Nairobi, mbali na bahari. Bahari yangu ni tangi la kioo la lita 200 sebuleni: maji ya mfereji yaliyochujwa, chumvi maalumu ya kununua, gramu 35 hivi kwa kila lita. Ndani mlikuwa na mawe, mchanga, kamba wawili, konokono kadhaa na samaki wawili wadogo wa rangi ya machungwa wenye mistari mieupe, wale ambao tangu ile filamu ya 2003 kila mgeni huwaita Nemo. Halafu mshahara ukaingia, nikaongeza wa tatu. Huyu ni wa jamii ya kangaja, mwili buluu ya anga, pezi la mgongoni njano. Ni samaki wa kuogelea mbali. Muuzaji alinitahadharisha kwamba tangi langu ni dogo kwake. Nikamwambia, "Usijali, nitanunua kubwa." Sikumtenga hata siku moja kabla ya kumchanganya na wenzake.

Kumpima samaki ni kazi ya macho na subira. Hawezi kukuonyesha panapomuuma. Unaangalia kama anakula, kama anajisugua mawe, kama matamvua yake yanapepea haraka kuliko kawaida. Halafu unalinganisha. Vumbi laini lenye rangi ya dhahabu ni ugonjwa mwingine, na huo huua kwa siku chache. Ute mzito unaobambuka kama ngozi iliyoungua ni mwingine tena. Punje zinazohesabika moja moja, kama chumvi, mara nyingi ni kimelea cha seli moja ambacho wanasayansi hukiita Cryptocaryon irritans.

Haya yote niliyajua baadaye. Alhamisi jioni punje zilikuwa zimepotea, nami nikashangilia. "Amepona mwenyewe, unaona?" Kumbe ndivyo kimelea hiki kinavyoishi. Hukaa kwenye ngozi ya samaki siku chache kikimla, kikishiba huanguka mchangani, hujifungia ndani ya ganda, hujigawanya, na kutoka ganda moja huweza kutoka mamia ya watoto wanaotafuta samaki wa kushika. Baharini wengi hufa bila kumpata. Ndani ya lita 200 wanakosaje? Wiki iliyofuata samaki wote watatu walikuwa wamejaa punje. Wale wa machungwa, waliokuwa wazima kwa miezi, niliwaletea ugonjwa kwa mkono wangu. Wazee husema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Mimi nimejifunza kuuliza nani alimweka mle ndani.

Dawa ipo. Ni shaba iliyoyeyushwa, kwa kipimo kidogo sana: ikipungua haiui kimelea, ikizidi inamuua samaki. Tena haikigusi kimelea kilichojichimbia kwenye ngozi wala kile kilicho ndani ya ganda. Inamkamata yule mtoto anayeogelea tu. Na shaba hiyohiyo ni sumu kwa kamba na konokono. Kwa hivyo nikimwaga dawa ndani ya tangi, nawaponya watatu na kuwaua wengine wote. Hapo ndipo nilipojipata nikiuliza, saa nne usiku, kwa nini kamba asihesabiwe. Kwa sababu hana rangi ya anga? Kwa sababu hakuna filamu yake?

Niliwahamisha samaki. Boksi kubwa la plastiki, pampu ya hewa, kifaa cha kupasha maji joto, vipande vya bomba wajifiche, bila mchanga wala mawe kwa sababu mawe hunyonya shaba. Kila jioni nilipima, nikabadilisha maji, nikapima tena.

Siku ya pili nilimpigia mjomba wangu, mvuvi wa pwani ya kusini. Kuna wakati aliwahi kuzamia samaki wa mapambo kwa nyavu, wale wanaosafirishwa kwa ndege hadi nchi za mbali. Nilitaka ushauri. Baada ya shikamoo na marahaba, akasikiliza, akanyamaza kidogo.

"Huyo samaki utamla?"

"Hapana, mjomba."

"Sasa umemweka wa nini, mwanangu?"

"Wa kutazama."

"Haya," akasema. Hakucheka. Nikamuuliza kama nikipanda treni na kuwarudisha baharini itafaa. Hapo akawa mkali. "Usithubutu. Unajua wamekaa na nani huko dukani? Utatuletea maradhi tusiyoyajua." Ni kweli. Dukani samaki wa bahari tofauti hupitia maji yaleyale. Kumtoa baharini ni rahisi, ila hakuna mlango wa kumrudisha.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niliseme, maana msomaji mwerevu ameshaliwaza. Mchana wa siku hiyohiyo nilikula tilapia wa kukaangwa, na ugali na sukuma. Nilimla hadi kichwa. Jioni nikarudi kumuuguza samaki mwingine. Mwenzangu alinichapa swali moja kwa moja: "Wewe huyu unamlilia na yule umemtafuna. Tofauti ni gani, bei?"

Ningependa kusema samaki hawasikii maumivu, tumalize. Lakini mwaka 2003 Lynne Sneddon na wenzake nchini Uingereza waliwadunga samaki wa aina ya trauti tindikali midomoni, na samaki hao wakasugua midomo kwenye changarawe na kuchelewa kurudi kula. Mwaka 2019 watafiti waliripoti kwamba yule samaki mdogo anayewatoa wenzake vimelea, akitiwa alama ya kahawia kooni na kuonyeshwa kioo, hujisugua kana kwamba ameona kimelea kwenye mwili wake mwenyewe. Kwa hivyo siwezi kujificha hapo. Tilapia wangu naye alikuwa na lake.

Jibu ninaloweza kulitetea ni hili: wote wawili nina deni kwao, ila madeni hayafanani. Yule wa sahani nilimdai uhai wake mara moja, na ninachodaiwa ni kwamba auawe haraka na asiliwe kwa kumwaga. Yule wa tangi nilichukua kila kitu ambacho angejitafutia: maji, nafasi, njia ya kukimbia. Ukimnyang'anya mtu njia zote halafu aumwe, huwezi kusema ni bahati yake mbaya. Kwetu kitu kilichoachwa mikononi mwako huitwa amana, na amana haipimwi kwa ukubwa wa kitu. Na kama ni swali la pesa, kwamba kuna watu wanaokosa dawa, ni swali la haki. Lakini nilipaswa kujiuliza siku ya kununua samaki. Siku ya kumtibu nimeshachelewa.

Wa buluu hakupona. Siku ya nne alisimama chini ya mapovu ya pampu, matamvua yakipepea, hali chakula. Kuna wafugaji wanaotumia mafuta ya karafuu kumlaza samaki asiamke. Karafuu ileile ambayo nyanya yangu alikuwa akiiweka kwenye jino linalouma. Niliyanunua. Nikasoma kipimo. Nikaiweka chupa juu ya meza na kujiambia, tungoje hadi asubuhi, huenda akapata nafuu. Alikufa mwendo wa saa tisa usiku. Nimejaribu kuita kungoja kule matumaini. Kusema ukweli, nilikuwa naogopa mkono wangu mwenyewe, na yeye ndiye aliyelipa zile saa.

Wawili wa machungwa walipona. Lakini hawangeweza kurudi nyumbani mara moja, kwa sababu maganda yalikuwa bado mchangani. Wafugaji wengi hushauri tangi likae bila samaki siku 76, watoto watoke, wakose wa kumshika, wafe. Basi kwa siku 76 nilikuwa na kioo chenye maji, taa, kamba wakitembea, na hakuna cha kuwaonyesha wageni. Nilianza kuwatazama kamba.

Siku ya 76 iliangukia Jumapili. Niliwarudisha wawili, wakaingia nyuma ya mawe. Jioni muuzaji akanitumia picha ya kangaja mwingine wa buluu, mrembo kuliko wa kwanza, bei poa. Nilikaa na simu muda mrefu. Nikamjibu kwamba tangi langu ni dogo.