Nikimfundisha Kazi, Si Ataniacha?

Somo: Kutoka 35:30–35



Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada, mama mmoja fundi wa nguo alinishika mkono akaniuliza: "Pasta, huyu msichana niliyemwajiri anajua kushona. Sasa anataka nimfundishe kukata kitambaa. Nikimfundisha, si atafungua kibanda chake karibu na changu? Nina mkopo wa chama, nina watoto shuleni. Nikikataa, ni dhambi?"

Sikumjibu haraka, kwa sababu swali lilinigusa. Nilisomea biashara, na darasani nilitoka na somo moja: ukiwa na kitu ambacho mwenzako hana, kilinde. Kabla ya kuingia katika huduma nilikuwa na duka dogo la kutoa kopi mjini Kitui, na kijana mmoja mwaminifu wa kunisaidia. Mashine nilimwachia. Lakini kupiga hesabu ya kazi kubwa na kuwaandikia wateja wa ofisi bei, hiyo nilifanya mwenyewe jioni, yeye akishaenda nyumbani. Halafu nikaugua miezi miwili. Oda zilikuja, hakuna aliyejua kuzijibu, na duka likafungwa. Nilikuwa nikiogopa mshindani, kumbe lililoniangusha ni ile siri yangu.

Tazama Bezaleli. Mungu alimjaza Roho ili afanye kazi ya dhahabu, ya shaba, ya mawe na ya mbao. Wengi wetu tunasoma hapo tunaishia. Lakini mstari wa 34 unasema Mungu alitia moyoni mwake kufundisha pia, yeye na Oholiabu. Kwa hiyo kufundisha kulikuwa sehemu ya kipawa chenyewe. Hema isingejengwa na mtu mmoja mwenye ujuzi, akizungukwa na watu wa kubeba mizigo tu.

Hapa kwetu tumeona jambo hilo kwa macho. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya kwa sababu ya nzi wa matunda. Nzi huyu hutaga mayai ndani ya embe, na funza wanalila kutoka ndani. Mkulima wa Makueni anaweza kutundika mitego, kuokota maembe yaliyoanguka na kuyafukia. Lakini kama jirani yake hajui kufanya hivyo, nzi wataruka ua na kurudi. Ukijua peke yako, hata shamba lako mwenyewe huliokoi. Ilibidi wakulima wafundishwe na kufanya kazi pamoja, eneo zima, na mwaka 2021 maembe yetu yakaanza tena kwenda Ulaya.  Kilichoongezeka ni watu wanaojua la kufanya.

Na Kitui je? Mwaka 2020 corona ilipoingia, kiwanda cha nguo cha kaunti pale Syongila, kilichozoea kushona sare, kiligeukia barakoa. Hakuna aliyekuwa amepanga corona. Lakini mikono ilikuwa tayari inajua cherehani, ndiyo maana iliwezekana. Mwenye biashara akipata wazo jipya, litafika pale tu ambapo ujuzi wa wafanyakazi wake unafika.

Hata hivyo, hofu ya yule mama si ya bure, na sitamwambia "amini tu" halafu nirudi nyumbani. Wanafunzi wengine wameondoka na wateja wa mwalimu wao, na huo ni wizi hata kama hakuna kufuli lililovunjwa. Nilimshauri hivi: Mama, kaa naye mwelewane. Mfundishe kukata, mlipe kwa haki, naye afanye kazi kwako kwa muda mtakaokubaliana, na akiondoka asikuchukulie wateja. Siku akifungua kibanda chake, Januari ikija na sare za shule ambazo cherehani moja haiwezi kumaliza, utakuwa na mtu wa kugawana naye kazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Baada ya kumshauri, niliona lazima nami nimtafute kijana wangu. Anaendesha boda siku hizi. Nilimweleza nilivyomficha kazi, nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema: "Pasta, mimi miaka hiyo yote nilidhani ni kichwa changu hakiwezi hesabu."

Neno hilo limenikaa. Nilidhani nilimnyima mbinu ya biashara tu. Kumbe nilimfanya aamini kwamba Mungu hakumpa akili.

Mpendwa, wiki hii taja mbele za Bwana jambo moja unalolijua na mtu mmoja unayemficha. Kisha mwite, mketi, uanze kumwonyesha.

Mungu awabariki.