Waya wa Plagi

Mdogo wangu alipokatwa vidole viwili na mashine ya kukatia nyasi, majirani walikuja kutupa pole kwa maneno yaleyale: ajali haina kinga. Mama aliitikia. Mimi nilinyamaza, kwa sababu kinga ilikuwepo, na niliijua.

Mashine ile ya kusukuma, ya mtumba, tulikatia bustani za watu Arusha wakati wa likizo ili nipate ada. Kila Jumamosi jioni tuliihudumia: kukwangua nyasi zilizoganda chini, kupima oili, kutia grisi kwenye magurudumu. Fundi aliyeniuzia alinifundisha utaratibu. Zima. Subiri ipoe. Chomoa waya wa plagi, uuweke mbali. Ilaze kichujio cha hewa kikiwa juu, oili isije ikaingia kwenye kabureta. Ndipo uguse kisu.

Waya nilikuwa siuchomoi. Mashine imeshazimwa, nilijiambia, ya nini tena? Lakini kwenye mashine kama ile kisu kimefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa injini. Ukizungusha kisu kwa mkono, umezungusha injini. Cheche yake haihitaji betri. Inatokana na sumaku inayozunguka pamoja na mhimili huo. Kinachoizuia ni swichi tu, na waya wa swichi yetu ulikuwa umelegea. Siku hiyo injini ilikuwa bado ya moto. Ilipiga mara moja.

Miezi kadhaa baadaye, darasani, tulisoma mjadala wa Bernard Williams na Thomas Nagel wa mwaka 1976 kuhusu bahati katika maadili. Nagel anamtaja dereva ambaye hakukagua breki. Mtoto asipokatiza mbele yake, dereva huyo atajilaumu kidogo tu. Akikatiza, atajilaumu maisha yake yote. Uzembe ni uleule. Kilichobadilika hakikuwa mikononi mwake.

Wenzangu walibishana. Mimi nilikuwa nahesabu Jumamosi. Kwa miaka miwili niliuacha waya mahali pake, na vidole vyangu kumi vipo. Mdogo wangu alifanya alichoniona nikifanya. Basi kosa langu halikuanza siku damu ilipomwagika. Lilikuwa limekamilika kila Jumamosi ambayo hakuna kilichotokea, na kila anayeiruka hatua ile leo akarudi ndani kula chakula cha jioni ana kosa kama langu.

Hata hivyo, nikiutazama mkono wa mdogo wangu, siwezi kusema mimi na mtu huyo tuko sawa. Nimefika hapa: kosa letu ni moja, deni ni tofauti. Bahati haimwongezei mtu ubaya, lakini humpa mtu wa kumlipa.

Mdogo wangu naye husema ajali haina kinga. Huisema kwa upole, kana kwamba ananifariji. Hajui habari za waya. Sikuwahi kumweleza, maana ningemweleza vipi jambo nisilolifanya? Methali ile ni haki ya mama, na ya majirani. Mimi sina haki nayo.

Mashine bado ipo stoo. Likizo hii, kabla hatujaitoa, nitamwonyesha waya wa plagi na kumwambia nilijua tangu siku ya kwanza.