Acha Kusema Sijambo!

Jumapili iliyopita, mlangoni pa kanisa, mtu alikushika mkono akakuuliza, "Hujambo, ndugu?" Ukajibu upesi, "Sijambo, namshukuru Mungu!" Ukatabasamu. Ukaingia. Ukaimba.

Ulidanganya!

Unalo jambo, ndugu yangu. Unalala nalo, unaamka nalo, unakwenda nalo mazoezi ya kwaya. Saa tisa usiku macho yako yanatazama dari. Chakula ulichokuwa ukikipenda kimekuwa majivu mdomoni. Watoto wakicheka sebuleni, unatamani wanyamaze. Kukicha, unaketi ukingoni mwa kitanda na kiatu kimoja mkononi, huoni sababu ya kuvaa cha pili.

Jambo hilo lina jina. Madaktari huliita sonona, na Shirika la Afya Duniani liliwahi kukadiria kwamba watu wapatao milioni 280 wanaishi nalo. Kama huzuni imekukalia wiki mbili, karibu kila siku, karibu kutwa nzima, ikakunyima usingizi, ikakunyima hamu ya kula, ikakunyima furaha ya kila kitu, huo ni ugonjwa! Usiuite uvivu. Usiuite laana. Usiuite upungufu wa imani.

Na haya unayajua. Unajua pia kwamba Mungu yu karibu na waliopondeka moyo, maana umewaambia wengine hivyo misibani, wodini na jikoni kwa jirani. Mbona hujajiambia wewe? Unangoja nini?

"Nitasema mkutano wa injili ukiisha." Uliisha. "Nitasema nikimaliza mfungo." Ulimaliza. "Nitasema baada ya Pasaka." Pasaka imepita, na jambo lingali lako peke yako!

Mkumbuke nabii Eliya. Kule Karmeli alisimama mtu mmoja mbele ya manabii 450 wa Baali, akaomba, moto ukashuka. Nani angedhani kwamba moyo wa mtu yule ungeweza kuvunjika? Malkia Yezebeli akatuma mjumbe mmoja tu mwenye vitisho. Eliya akakimbia. Alipofika Beer-sheba akamwacha mtumishi wake, akaingia jangwani peke yake mwendo wa siku nzima, akaketi chini ya mretemu, akamwomba Mungu afe.

Umeona hatari ilipokomaa? Beer-sheba! Pale alipomwacha mtu wake wa mwisho!

Na wewe, ni nani uliyemwacha Beer-sheba? Simu za dada yako huzipokei. Jumuiya ikitaka kusali kwako, una safari. Mwenzi wako akiuliza kulikoni, ni uchovu wa kazi. Hatua moja, hatua ya pili, hatua ya tatu, unazama jangwani, na kila hatua unaiita kupumzika. Geuka! Ungali unaiona njia uliyojia!

Sasa tazama Mungu alivyomtendea mtumishi wake aliyechoka kuishi. Hakumfokea. Hakumkumbusha Karmeli. Hakumuuliza imani yake imekwenda wapi. Alimwacha alale! Kisha malaika akamgusa, na kando ya kichwa chake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Akala, akanywa, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akampa chakula tena.

Usingizi kwanza. Mkate kwanza. Mkono wa kumgusa kwanza! Mazungumzo na Mungu mlimani Horebu yalingoja siku arobaini.

Wewe uliyeambiwa uongeze kufunga, sikia! Wiki ya tatu sasa hujala vizuri, magoti yanatetemeka, kichwa kinakuuma, na bado mtu anakwambia ukaze maombi kwa njaa. Eliya alitembea siku arobaini mchana na usiku, lakini alianza akiwa ameshiba! Pokea uji anaokuletea mama. Pokea usingizi. Mungu aliyeuumba mwili wako haoni haya kuanzia mwilini.

Na kule Horebu, Eliya akalalamika kwamba amebaki peke yake. Ndivyo sonona inavyosema kila usiku: uko peke yako! Mungu akamjibu kwamba wako 7,000 ambao hawakumpigia Baali goti. Akampa na Elisha, mtu wa kutembea naye. Kwa hiyo usiiamini sauti ile ya usiku! Haijui kuhesabu!

Utasema, "Naona aibu. Mtu aliyeokoka atasemaje kwamba roho yake imezama?"

Nenda Gethsemane. Nenda umwone Yesu usiku ule akiwachukua watu watatu, Petro na wana wawili wa Zebedayo, akiwaambia waziwazi kwamba roho yake imejaa huzuni hata kufa, akiwasihi wakeshe pamoja naye. Mwana wa Mungu hakusema sijambo! Wewe umepata wapi kiburi cha kusema sijambo?

Rafiki zake wakalala usingizi. Ndiyo, walilala! Naye akawarudia mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Najua uliwahi kumwambia mtu mmoja, naye akalala: akasema ni pepo, akasema unajiendekeza, akasema wenzako wana shida kubwa kuliko zako. Ulifunga mdomo siku ile hadi leo. Fungua tena! Mwendee mwingine. Mlango mmoja umefungwa. Kijiji kina milango mingapi?

Paulo naye aliwaandikia Wakorintho kwamba kule Asia walilemewa kupita nguvu zao, hata wakakata tamaa ya kuishi. Na alipofika Makedonia, akiwa na vita nje na hofu ndani, Mungu alimfariji kwa njia gani? Kwa kufika kwake Tito! Faraja ya mbinguni ilikuja kwa miguu, na vumbi la safari likiwa bado kwenye viatu. Wewe unakesha ukiomba faraja, na Tito anagonga mlango, nawe umezima taa ili adhani hupo!

Charles Spurgeon alikuwa na miaka 22 tu, mhubiri aliyejaza kumbi za London, usiku wa 19 Oktoba 1856. Mtu akapiga kelele ya moto katikati ya umati. Moto haukuwapo, lakini watu saba walikufa katika msukumano. Kijana yule alivunjika moyo, na huzuni nzito ikawa inamrudia maisha yake yote. Je, aliificha? Aliwafundisha wanafunzi wake wa uchungaji kwamba kuzimia moyo huwapata hata watumishi wa Mungu. Akalisema, akaendelea kuhubiri, akaendelea kutibiwa maradhi yake.

Usiniambie dawa ni kumwonea Mungu shaka! Mwaka 1904 wamisionari walianza kuwatunza wagonjwa wa akili Lutindi, kwenye milima ya Usambara. Zaidi ya miaka 100 iliyopita kanisa liliwafungulia mlango watu ambao wengine waliwafungia. Ukiwa na malaria unameza dawa na kuomba. Ukivunjika mguu unafungwa plasta na kuomba. Moyo ukivunjika, omba, na uende hospitali! Mwambie daktari jinsi unavyolala, unavyokula na unavyowaza. Akikupa dawa, ifuate kama alivyoelekeza. Akikupa tarehe ya kurudi, rudi!

Wahenga walituonya: mficha maradhi, kifo humuumbua. Hawakutania!

Na wewe ambaye mawazo yako yamefika mbali zaidi, wewe unayefikiri kwamba nyumbani wangepumua vizuri kama usingekuwapo, nakushika bega kwa maneno haya. Usikae peke yako usiku wa leo! Mwamshe mtu, hata kama ni saa nane. Mwambie neno hilo hasa linalokutisha. Mwambie akae nawe, akupeleke hospitali iliyo karibu. Hutamsumbua. Atakayesumbuka ni yule atakayejua kesho kwamba ulikuwa na jambo jana, na hukumwambia.

Na wewe unayesimama mlangoni pa kanisa ukiwashika watu mikono, mchungaji, mzee wa kanisa, mama wa jumuiya, usidhani umepona katika haya. Ukiuliza hujambo, ngoja jibu! Usivute mkono upesi umfikie anayefuata. Umwonapo mtu macho yamelegea, kiti chake kikiwa kitupu Jumapili ya pili, mfuate. Beba mkate, beba maji, ufunge mdomo. Malaika yule alikwenda mara mbili. Wewe umekwenda mara ngapi?

Ndugu yangu, sikuahidi kwamba ukisema leo, kesho utaamka ukicheka. Iko zaburi moja, ya 88, inayoanza kwa kilio na kuishia gizani. Haina mapambazuko hata mstari wa mwisho. Lakini aliyeiimba aliiimba mbele za Mungu, na watu wa Mungu wakaihifadhi, wakaisoma, wakaiita maombi. Giza lililosemwa lina mahali pake ndani ya Biblia. Lako je? Litabaki nyuma ya tabasamu mpaka lini?

Usingoje Jumapili. Usingoje mfungo mwingine. Usingoje kujisikia vizuri ndipo uombe msaada wa kujisikia vizuri!

Leo hii, kabla ya chakula cha jioni, kuna mtu atakuuliza. Atauliza kwa mazoea, akipita, bila kukutazama. Msimamishe. Mshike mkono. Akisema "Hujambo?" mwambie kweli:

"Ninalo jambo. Keti, nikuambie."