Je, Tumpende Mgeni kama Ndugu?

Methali yatuambia: Mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Ni kweli, siku ya taabu ndugu ndiye anayebaki. Lakini tukiishika methali hii peke yake, tutamtendea nini mtu asiyezaliwa nasi? Swali hili si jipya. Katika inchi ya China, mwenye hekima mmoja alilifikiri sana, karne ya 5 kabla ya kuzaliwa Bwana wetu Yezu Kristu.

Jina lake Mo Di, naye ajulikana kama Mozi, maana yake Mwalimu Mo. Wakati ule falme nyingi za China zilipigana, zenye nguvu zikizimeza zilizo dhaifu. Mozi alitafuta chanzo cha mabaya hayo, akakiona. Mwizi aipenda nyumba yake tu, kwa hiyo aiba katika nyumba ya mwingine. Mfalme aipenda inchi yake tu, kwa hiyo aishambulia inchi ya mwingine. Basi dawa ni kuwapenda watu wote pasipo ubaguzi, maana Mbingu huwalisha wote.

Wengine walisema jambo hilo haliwezekani. Mozi akawajibu kwa mfano. Mtu anakwenda mbali, hajui kama atarudi. Wazazi, mke na watoto atawaacha mikononi mwa nani? Kwa yule asiyejali ila watu wake, au kwa yule amtunzaye mtoto wa mwenzake kama wake? Hata mwenye kuyacheka mafundisho haya atamchagua wa pili.

Wala hakufundisha kwa maneno tu. Kitabu chenye jina lake chasimulia kwamba fundi Gongshu Ban alimtengenezea mfalme wa Chu ngazi za kupandia kuta, ili auteke ufalme mdogo wa Song. Mozi alipopata habari, alitembea siku 10, mchana na usiku. Akamwomba fundi amwulie mtu fulani kwa malipo ya dhahabu. Fundi akakataa: yeye si mwuaji. Basi, akauliza Mozi, mbona wajitayarisha kuwaua watu wengi wa Song wasio na kosa? Kisha akavua mshipi wake, akaufanya kuwa mfano wa ukuta. Fundi akaushambulia mara 9, Mozi akamzuia mara 9. Tena wanafunzi wake 300 walikuwa tayari wakingoja juu ya kuta za Song. Mfalme akaiacha vita.

Karne iliyofuata Mengzi, mfuasi wa Confucius, alimlaumu: anayewapenda wote sawasawa amkana baba yake. Tusimdharau Mengzi. Amri ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama, na Mtakatifu Toma wa Akwino alifundisha kwamba mapendo yana utaratibu wake. Kumlisha mtoto wako kwanza si dhambi. Dhambi ni kumnyang'anya mtoto wa jirani ili wako ashibe. Dhambi ni mkubwa wa kazi kumwandika mjomba wake asiyeijua kazi, na kumfukuza anayeijua kwa kuwa ni wa kabila lingine. Deni la ndugu tulilipe kwa mali yetu wenyewe, tusililipe kwa haki ya mgeni.

Bwana wetu alipoulizwa jirani ni nani, alitoa mfano wa Msamaria. Yule hakumwuliza majeruhi kabila lake kabla ya kumfunga vidonda.

Mozi aliporudi alipita Song, mvua ikanyesha. Akataka kujikinga langoni, lakini mlinzi akamzuia asiingie. Watu wa mji ule hawakumjua aliyewaokoa. Basi, anayetaka kumpenda mgeni asingoje shukrani. Sisi wakristu twajua ni nani aliyetupenda kwanza, tulipokuwa bado wageni kwake.